Mawe ya redio ya Mama Wambui: nilivyosoma mass communication nikiwa na cheti cha darasa la saba

Wakuu, nawasalimu kutoka Tetu, Nyeri, ambako leo ukungu umekataa kutoka kwenye kahawa.

Kuna kijana hapa jukwaani aliuliza juzi kama aende chuo kikuu kusoma mass communication, au kama hiyo ni kozi ya watu wa mdomo tu. Nimesoma majibu yenu yote. Mengine mlimcheka bure.

Mimi pia niko na jibu, lakini ni refu, na naandika polepole kwa kidole kimoja. Mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyafanya kwa mikono yangu, hata yale ninayoyaonea aibu. Majina nimebadilisha, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Ilikuwa miaka ya sabini, ikielekea kuisha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na hapo ndipo masomo yangu yalikatikia, kwa hivyo nilikuwa nyumbani karibu na Giakanja nikichuma kahawa na kukata nyasi za ng'ombe.

Nilikuwa na haya kupita kiasi. Mgeni akiingia mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma. Kanisani nilikuwa nafungua mdomo wakati wa nyimbo lakini sauti haitoki.

Kaka yangu Ndegwa alikuwa kinyume changu. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutoka upande wetu kwenda chuo kikuu Nairobi, na kozi aliyochukua ilikuwa ya mambo ya habari na mawasiliano.

Hakuna mtu nyumbani aliyeielewa hiyo kozi.

Daktari tulijua. Mwalimu tulijua. Lakini baba akiulizwa sokoni kijana wake anasomea nini, alikuwa anajibu, "Anasomea redio," na watu wakadhani Ndegwa atakuwa fundi wa kutengeneza redio. Mama mmoja jirani alimletea kabisa redio yake iliyoharibika.

Wengine walisema atakuwa yule mtu wa kusoma matangazo ya vifo. Hilo liliwafurahisha zaidi.

Wale wadogo hapa huenda hamjui. Zamani hakukuwa na simu mfukoni. Mtu akifariki, familia iliandika tangazo, likapelekwa redioni, na jioni likasomwa: marehemu ni nani, ni mama ya nani, shemeji ya nani, nyanya ya nani, kila mtu na mahali anapofanya kazi au anapoishi. Kisha mwisho, "Habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo." Hivyo ndivyo mtu wa Nanyuki alikuwa anajua kuna kifo Othaya. Saa hiyo ya matangazo hata watoto walinyamazishwa.

Sasa turudi kwa Ndegwa.

Alikuja nyumbani na mashine ya kurekodi ya chuo, ya kaseti, nzito, ndani ya mfuko wa ngozi. Alikuwa na project ya kufanya: arekodi watu wa kijijini wakieleza jinsi habari zinavyowafikia. Mara ya kwanza alikuwa ameshafanya na lecturer wake akaikataa. Alimwambia, "Nilikutuma uniletee kijiji, wewe umeniletea kanisa."

Akapewa nafasi ya pili. Ilikuwa ni lazima arudi Jumatatu na kazi ya maana, la sivyo arudie mwaka mzima. Hilo aliniambia mimi peke yangu. Baba hakujua.

Nilifuatana naye Jumanne na Jumatano kumbebea mfuko, na nikaona shida ilikuwa wapi.

Watu wetu, wakuu! Mtu alikuwa anacheka na kupiga porojo vizuri kabisa. Ndegwa akimwekea ile maikrofoni mbele ya mdomo, mtu anasimama wima. Anavua kofia. Anasema, "Bwana asifiwe," anasalimia chifu, anasalimia wazee wa kanisa, anaeleza siku aliyookoka, halafu anaomba.

Mama Njoki aliomba mpaka upande mmoja wa kaseti ukaisha. Alipomaliza aliuliza, "Ndegwa, hiyo itasomwa saa ngapi leo?"

"Hii si ya kusomwa, mama. Ni ya masomo."

"Ati masomo? Kwani huko Nairobi mnafundishwa kusikiza watu? Si ungekaa hapa usikize bure!"

Watu wakacheka. Ndegwa pia alicheka, lakini tulipofika nyumbani alikaa kwenye ngazi za ghala, akainamisha kichwa, na hakutaka chai.

Alhamisi akapata wazo. Akaniangalia sana.

"Wangechi," akasema, "kesho unapeleka kahawa kiwandani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mkishamwaga mnakaa chini kuchambua, si ndiyo? Akina mama peke yao?"

Nikaitikia tena.

Nieleze kidogo. Ukipeleka kahawa kiwandani, kwanza unaimwaga juu ya gunia, unakaa chini unaondoa mbichi na zilizokauka, zibaki nyekundu tupu. Ndipo unapanga foleni ya kupimiwa. Pale penye magunia ndipo maneno yote ya ukoo na ya ndoa yalikuwa yanasemwa. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hauchungwi na mtu.

Ndegwa akaniwekea mashine ndani ya kiondo changu, kile kikapu cha kamba, akaifunika kwa kitambaa cha kichwa, maikrofoni ikachungulia katikati ya kamba. Akanifundisha: unabonyeza nyekundu pamoja na ile ya kando yake. Akaniandikia swali moja kwenye karatasi: Nyinyi huwa mnasikiza redio saa ngapi?

"Wewe hawakuogopi," aliniambia. "Wewe ni kama hauko."

Nilijisikia vizuri, wakuu. Sikuona ubaya. Kwa mara ya kwanza haya zangu zilikuwa na kazi.

Samahani, nilikuwa nimeenda kukamua. Naona mmoja wenu ameandika "kurekodi watu kwa siri ni kosa". Ndiyo. Subiri basi, ndiko naenda.

Ijumaa nikakaa kwenye gunia langu na kiondo kando. Kisha nikauliza lile swali.

Akina mama wote wakainua vichwa.

"Wuui! Wangechi ameongea!" akasema Mama Njoki. "Anueni nguo, leo mvua itanyesha."

"Redio ya nani?" akajibu mwingine. "Yangu ni ya kupangusa vumbi tu. Baba watoto akienda town anatoa mawe anatia mfukoni."

Mawe ni betri, zile kubwa za redio. Sisi tuliziita hivyo.

"Si wote?" wakasema. "Ati tutayamaliza na nyimbo."

"Wangu anayaweka ndani ya koti," akasema Mama Njoki. "Ukimkumbatia ni kama umekumbatia duka."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mashine ilikuwa inazunguka chini ya kitambaa, nami nilikuwa nachambua kahawa yangu, uso umenichoma kwa furaha. Nilijua Ndegwa amepona.

Kisha karani akaita, wenzetu wakabeba magunia wakaenda foleni. Tukabaki wawili, mimi na Mama Wambui, ambaye shamba lake linapakana na letu. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti nzito kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mimi na yeye tungeweza kuchambua kahawa mchana mzima bila kuambiana neno, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu nilimpenda.

Siku hiyo aliongea.

"Hao wanacheka," akasema. Mikono yake haikusimama. "Mimi mama yangu alikufa Naro Moru mwaka jana, siku ya Jumatatu. Akatangazwa Jumanne, akatangazwa tena Jumatano. Redio ilikuwa mezani kwangu, na mawe yalikuwa ndani ya koti ya Baba Wambui."

Nikaendelea kuchambua.

"Jina langu lilisomwa, Wangechi. Giakanja yote ilinisikia. Nilikutana na watu mtoni, wakanipisha njia wakiangalia chini. Nikajiuliza, nimekosea nani? Kumbe kila mtu alidhani ninajua. Na wewe unajua vile sisi tuko, mtu hakwambii pole kabla hujamwambia una msiba. Jumamosi niko sokoni na viazi vyangu, mama mmoja akanishika mkono akaniuliza, 'Pole, umerudi lini kutoka matanga?'"

Akatupa kahawa mbichi kando.

"Alikuwa amezikwa Ijumaa."

Kisha akasema lile neno ambalo ndilo shida yote.

"Mimi nafikiri Baba Wambui alisikia. Jioni hizo mbili alikuwa town, na redio ziko kila duka. Nafikiri alisikia, akajua nikienda nitakaa wiki, na kahawa ilikuwa imeiva. Sijamuuliza hata siku moja. Sijawahi kumwambia mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ni wewe."

Hapo ndipo nilisikia mashine ikifanya "tak". Kaseti ilikuwa imeisha. Mama Wambui aliangalia kiondo, akafikiri ni kijiti, akaendelea na kazi.

Ndegwa alisikiza kaseti alasiri hiyo ndani ya ghala. Kwenye vicheko alicheka. Kwa Mama Wambui aliinamia mashine mpaka mwisho, kisha akasimama ghafla karibu agonge kichwa.

"Umenitoa mtaroni!" akasema. "Hii yenyewe ndiyo project. Lecturer alisema iliyo bora inaweza kuwekwa kwa redio kabisa. Nchi nzima isikie!"

Nikamwambia, "Baba Wambui pia atasikia."

"Hatutataja jina."

"Sauti yake ni jina."

Alinishangaa. Nafikiri hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyokuwa nimemwambia kwa siku moja. Akajaribu kunieleza vizuri, kama msomi, kwamba habari kama hiyo ni ya manufaa, kwamba akina mama wengi wanaumia hivyo, kwamba bila hiyo sehemu kazi yake ni vicheko vya kiwandani tu. Hakuwa mtu mbaya. Na alikuwa anaogopa kurudia mwaka, na kumwangalia baba usoni.

"Aliniambia mimi," nikasema. "Hakukwambia wewe, wala nchi nzima."

"Sasa unataka nifanye nini, Wangechi?"

Nilitoka nikaenda kukata nyasi. Nililia huko, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu: mtu mmoja duniani alikuwa amenichagua kwa sababu sisemi, na mimi nilikuwa nimemsemea kwa mashine.

Jumamosi asubuhi nilimwona Baba Wambui akipita na koti lake kuelekea town. Nikachukua mfuko wa ngozi bila kumwambia mtu, nikapita kwenye ua.

Mama Wambui alikuwa anamenya viazi. Niliweka mashine chini mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipofika yakakwama, basi nikabonyeza tu ya kusikizia.

Alipotambua sauti yake aliacha kisu.

Alisikiza yote. Ile ya mtoni. Ile ya sokoni. Ile ya koti na kahawa kuiva. Mimi nilikuwa naangalia maganda ya viazi, nangoja anifukuze, na ningeenda.

Ikafika "tak".

"Hiyo sauti," akasema polepole, "ni ya mama."

Nikafikiri hajaelewa.

"Ni wewe, Mama Wambui."

"Najua ni mimi. Sikujua mimi naongea kama mama." Akajipangusa macho kwa mkono wenye matope ya viazi. Kisha akanigeukia, na macho yalikuwa makali. "Nani mwingine amesikia?"

"Ndegwa."

"Na ni nani alikwambia uniibe?"

Sikusema ni Ndegwa. Nikasema, "Ni mimi nilibonyeza. Niko na makosa. Nisamehe."

Ndegwa akatokea mlangoni hapo hapo, anahema. Alikuwa amekuta mfuko haupo. Alimwona Mama Wambui, aliniona mimi, akaelewa, na yule mtu wa maneno mengi alivua kofia akasimama wima kama wale wazee wa maikrofoni.

"Ndegwa wa chuo kikuu," akasema Mama Wambui. "Hii kitu inaweza kufutwa?"

Ndegwa aliangalia mashine. Nilijua anafikiria Jumatatu.

"Inaweza," akasema. "Lakini haifutwi hivi hivi. Ni lazima urekodi kitu kingine juu yake."

"Sawa. Hao wengine waache wakicheka, kama utawauliza na wakubali. Mimi nifute." Akasukuma viazi kando. "Na kile cha kuweka juu yangu, ninakijua."

Akamtuma binti yake Wambui alete daftari na penseli, akanipa mimi, si Ndegwa.

"Andika tangazo la mama. Lile la redio. Watu walinieleza lilivyosema, lakini mimi sijawahi kulisikia."

Nikaandika. Mnajua naandika polepole, na wakati huo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anataja jina, ananingoja, anataja lingine. Hapo ndipo nilijua jina lake mwenyewe ni Wairimu. Miaka yote alikuwa kwangu Mama Wambui. Mama yake alikuwa Nyaguthii, na binti yake wa pili aliitwa jina hilo la nyanya yake.

Nilipomaliza nikampa Ndegwa daftari asome. Mama Wambui akatikisa kichwa.

"Wewe umeandika, wewe soma. Na usome Kiswahili, kama wao."

Ndegwa akanishikia maikrofoni, akabonyeza. Na mimi, ambaye sauti yangu haikuwahi kutoka kanisani, nikasoma:

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mama yetu mpendwa, Nyaguthii wa Naro Moru. Marehemu alikuwa mama yake Wairimu wa Giakanja, nyanya yake Wambui na Nyaguthii mdogo..."

Nikasoma ndugu zake wote, na mashemeji, na wajukuu, pole pole, bila kuruka hata mmoja. Nikafika mwisho.

"Habari zimfikie binti yake Wairimu, popote alipo."

Mama Wambui akasema, "Zimenifikia."

Alilia sana kwa muda mrefu, na hatukumzuia. Ndegwa aliendelea kushika ile maikrofoni mpaka kaseti ikafika mwisho yenyewe.

Jioni yake yeye na mimi tulizunguka kwa wale akina mama wengine, nyumba kwa nyumba, tukawachezea vicheko vyao na kuwauliza kama wanakubali. Mama Njoki alikasirika kwa kuibwa, akatutukana vizuri sana, kisha akataka kusikia tena ile ya kukumbatia duka. Walikubali wote isipokuwa mmoja, na sauti ya huyo Ndegwa akairuka aliponakili kwenye kaseti nyingine huko chuoni.

Ile kaseti yenyewe alimrudishia Mama Wambui. Lecturer alimpa maksi za kupita, si za kusifiwa. Alimwandikia kwamba kazi inaonekana kama imekatwa mahali ilipokuwa inafika pazuri. Ndegwa hakujitetea.

Lakini kuna jambo moja nusura nisahau. Jumapili kabla ya kuondoka, alifungua mashine ya chuo, akatoa mawe manne, akayafunga kwa gazeti na kunituma niyapeleke. Mama Wambui aliyaficha ndani ya mkebe wa unga, chini kabisa. Baba Wambui akienda na yake, yeye anaweka yake. Akisikia mbwa, anayarudisha kwenye unga.

Siku moja Baba Wambui alikuja kulalamika kwa baba yangu kwamba ile redio imezeeka, siku hizi inahama stesheni yenyewe, na juzi aliiwasha ikapuliza unga.

Baba akamwambia, "Ngoja Ndegwa arudi, ndiye fundi."

Mimi nilikuwa hapo nikimwaga chai. Sikusema kitu. Kunyamaza kwa siku hiyo nilikuwa nimekuchagua mwenyewe.

Sasa, kijana uliyeuliza. Nenda ukasome hiyo kozi. Si ya watu wa mdomo. Ndegwa alifanya kazi ya habari mpaka akastaafu, na alikuwa anasema mashine zote alifundishwa Nairobi, lakini kabla ya kuiwasha yoyote alikuwa anakumbuka maganda ya viazi. Muulize mtu kwanza. Akikataa, funga mfuko uende nyumbani, hata kama una mtihani.

Na kama una haya kama mimi, usiogope. Watu watakuambia vitu. Kazi yako ni kujua vimeambiwa nani.

Vidole vimechoka. Wale waliokuwa na redio nyumbani miaka hiyo, hebu mseme: kwenu mawe yalikuwa yanalala mfuko wa nani? Na kama kuna habari iliyokupita hivyo ikakufikia ukiwa umechelewa, iandike hapa chini. Nitasoma zote, ingawa kujibu nitachukua muda.